Mama wa Mtoto ni Yupi

Wifi yangu aliponipigia simu kuniomba kadi ya kliniki ya binti yangu, nilikuwa shambani nang'oa karoti, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa uongo. Nilimwambia kadi siioni. Nilijua vizuri ilipo. Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro, pamoja na cheti changu cha ubatizo na picha ya marehemu mama.

"Itafute basi, wifi," akasema. "Huku kwetu wanaandikisha watoto wote wa chini ya miaka mitano. Cheti cha kuzaliwa unapewa papo hapo, hulipi kitu. Sitaki huyu wangu apitwe."

Huyu wangu. Nilibaki nimeshika simu hata baada ya yeye kukata.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Anaishi Muheza, anauza machungwa na viungo sokoni. Aliolewa huko, akakaa na mumewe miaka mingi bila kupata mtoto, mwisho mume akaondoka. Hakurudi kwao milimani. Alisema baridi ya huku imeshamkataa.

Binti yangu alikwenda kwake akiwa bado ananyonya. Nilikuwa na mimba ya pili, na mimba ile ilinitesa. Nilivimba miguu na uso, siku moja nikaanguka jikoni, nikaamkia kitandani hospitalini, Bumbuli. Nilikaa huko muda mrefu, siku nyingine najua nilipo, siku nyingine sijui. Nakumbuka wifi akiwa amesimama pembeni ya kitanda, amembeba binti yangu mgongoni kwa kitenge cha njano. Alisema anamchukua ili mume wangu apate nafasi ya kuniuguza. Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa moyo wote, hilo nisilifiche.

Nilipona, nikarudi nyumbani na mtoto wa kiume. Nikaanza kuuliza habari za binti. Mara ya kwanza nikaambiwa nisubiri nipate nguvu. Kisha mvua zikaanza, barabara ya kutoka Mombo ikaporomokewa na udongo. Kisha mtoto ana mafua, akiletwa kwenye baridi atazidiwa. Kila sababu ukiishika peke yake ilikuwa na maana. Nilipoziweka pamoja ndipo nilipoanza kuona zinafanana, kama nguo zilizoshonwa na fundi mmoja.

Wiki ile ile ya simu nilimpeleka yule mtoto mdogo kliniki. Tulikuta muuguzi anatangaza habari ya vyeti. Akatueleza kwamba hata huku nako wameanza, kwamba si hapa kwetu tu, katika nchi nyingi duniani kuna watoto wengi ambao hawajaandikwa popote, na mtoto asiyeandikwa, kwenye hesabu za nchi ni kama hajazaliwa. Wanawake kwenye benchi walimsikiliza huku wakitazamana. Mmoja aliniegemea akanong'ona kwamba cha bure kina mwenyewe, ngoja tuone watatuomba nini baadaye. Mwingine akasema wanatafuta idadi ya watu ili wagawe mashamba upya. Mimi sikuwa na hofu ya mashamba. Nilikuwa nawaza Muheza.

Mdogo akaandikishwa. Muuguzi akaniuliza, "Huyu ni wa kwanza?"

"Wa pili. Wa kwanza yuko kwa shangazi yake, Muheza."

"Basi elewaneni aandikishwe wapi. Na mwangalie majina. Likishaingia jina la mama na la baba, kuja kulibadilisha ni kazi kubwa."

Nadhani alisema hivyo kwa kila mzazi. Lakini mimi niliondoka pale nikiwa nimepata jibu la swali ambalo sikuwa nimethubutu kuliuliza. Mtu anayetaka kadi bila kumtaka mama anataka kuandika nini?

Jioni nilimwambia mume wangu. Alikuwa amekaa kizingitini ananoa panga.

"Dada yako anataka kadi ya mtoto."

"Mpelekee."

"Kwa nini asituambie twende sisi?"

"Ni dada yangu, mama watoto. Si mwizi."

Sikuwa nimesema mwizi. Neno hilo alilileta yeye. Nilimtazama akinoa panga lililokwisha kunolewa jana yake, na hakuinua uso. Mume wangu ni mtu wa maneno mengi akiwa hana cha kuficha. Siku hiyo alinoa hadi giza likaingia, akala ugali wake kimya, akalala. Tangu hapo sikumshuku wifi peke yake. Nilianza kuwashuku wawili.

Nilimpigia wifi mara moja tena, nisikie tu sauti yake. Nikamuuliza kama mtoto hamchoshi. Akacheka. "Kuzaa si kazi, wifi, kazi kulea," akasema. Ni methali ambayo kila mtu huku anaitumia, hata mimi. Siku ile niliisikia kama mtu anayenisomea hukumu.

Sikumwambia mtu. Alhamisi nilimfunga mdogo mgongoni, nikaiweka kadi kifuani ndani ya nguo, nikashuka hadi Mombo, nikapata basi la Tanga. Mume wangu nilimwambia naenda Soni kuulizia bei ya kabichi, na kwamba huenda nikalala huko. Kama yeye ana lake, na mimi niwe na langu.

Muheza kulikuwa na joto la kukausha midomo. Nilimkuta wifi sokoni, nyuma ya mafungu ya machungwa na visahani vya pilipili manga na hiliki. Binti yangu alikuwa amekaa juu ya gunia, anamenya chungwa kwa kucha kama mtu mzima. Alikuwa amerefuka. Amesukwa vizuri, gauni limepigwa pasi.

"Shikamoo wifi," nikasema.

"Marahaba." Alishtuka, nikamwona alivyoshtuka. Kisha akainuka kunipokea mtoto mgongoni. "Mbona hukusema kama unakuja?"

"Nimeleta kadi."

Nikachuchumaa mbele ya binti yangu, nikamsalimia kwa Kishambaa, lugha niliyomwimbia tangu tumboni. Akanitazama, akamgeukia wifi. "Mama," akasema, "huyu anasema nini?"

Wifi alishusha macho kwenye mafungu yake. "Anasikia watoto wenzake wakiita hivyo," akasema taratibu. "Mwanzo nilimkataza. Nikachoka."

Kwake nilikaa kama mgeni wa heshima. Alinipikia wali wa nazi, akanitandikia kitanda chake. Nami kila alichofanya nilikipima. Nilitazama ukutani nikaona picha ya wao wawili, wamepiga kwa mpiga picha, wamevaa vitenge vya sare. Nilipokwenda kuoga, kadi nilikwenda nayo.

Asubuhi tulikwenda wote kwenye ofisi ya kata. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama na watoto wakiwa wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta. Wengi walimjua wifi, wakamsalimia kwa kumwita mama wa fulani, wakitaja jina ambalo si lile tulilombatiza binti yangu kanisani. Mama mmoja aliyesimama nyuma yetu akanitabasamia.

"Wewe ndiye shangazi yake kutoka milimani? Karibu. Huyu mtoto kafanana na mama yake kama kakatwa."

Alikuwa anamwonyesha wifi kwa kidevu. Na kweli wanafanana; damu ya ukoo mmoja, kipaji cha uso kile kile, macho yale yale. Mimi binti yangu nimempa masikio tu. Nilimsubiri wifi amsahihishe yule mama. Alijifanya hakusikia.

Zamu yetu ilipofika, karani aliipokea kadi, akaifungua, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa kijana mpole, amechoka.

"Mama wa mtoto ni yupi?"

Ningeweza kujibu mimi. Nilinyamaza kwa makusudi. Nilitaka kusikia atasema nini mbele yangu, ili nijue angesema nini nisipokuwepo. Wifi alikuwa amemshika mtoto mkono. Aliinama, akaufunga upya utepe wa gauni ambao haukuwa umefunguka. Nyuma watu walianza kuguna.

"Ni huyu," akasema hatimaye. "Mimi ni shangazi."

"Jina la mtoto?"

Tukasema kwa pamoja, majina mawili tofauti. Karani akaweka kalamu chini. "Kubalianeni kwanza, mama zangu."

"Andika analosema mama yake," wifi akasema. Akaachia mkono wa mtoto, akatoka nje.

Cheti kilitoka mle mle, wino bado mbichi. Nilikisoma tena na tena. Jina langu lilikuwa pale, na la mume wangu. Ningepaswa kufurahi. Lakini nilitazama mlangoni nikamwona wifi amesimama juani bila kutafuta kivuli, na mashaka yangu hayakutulia, yalibadilika tu sura. Mtu aliyekuja kuiba hasimami hivyo.

Tulipofika nyumbani kwake alichukua kinu, akaanza kutwanga pilipili manga. Alitwanga kidogo, akaacha.

"Wifi, nikuulize. Ndugu yangu hajawahi kukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Ulipokuwa umelazwa, siku ile nilipokuja. Alinifuata nje ya wodi analia. Akasema, dada, huyu haponi, mimi nakiona kifo. Mchukue mtoto awe wako moja kwa moja, umlee kama uliyemzaa, asijue uyatima." Alifuta mikono kwenye kanga. "Nikamkubalia. Nilimchukua nikijua nimepewa. Kisha ukapona. Nikashukuru Mungu, usidhani sikushukuru. Nikakaa nasubiri mtu aniambie sasa mrudishe. Hakuna aliyesema. Yeye kila akipiga simu anasema subiri barabara, subiri mvua."

"Sababu zile zilikuwa zake?"

"Zake. Na mimi sikuzikataa. Zilinifaa."

"Na leo, kama nisingekuja?"

"Sijui ningemwambia nini yule karani," akasema. "Nisikudanganye, wifi. Sijui."

Nilitaka kumchukia na sikuweza. Kama angeniapia kwamba hangeandika jina lake, nisingemwamini hata neno moja. Kwa kuwa alisema hajui, nilimwamini. Tulikaa wote sakafuni, watoto wakigombea ganda la chungwa, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Nilipanda kurudi milimani na watoto wote wawili, wifi hakunizuia. Binti alilia hadi Mombo, na tulipoanza kukwea akanyamaza, akashika masikio, akasema kuna baridi. Mume wangu alitukuta uani. Alimwona mtoto, akajua nimekwenda wapi. Nikampa cheti akisome, nikamuuliza kama ni kweli alimgawa mwanangu.

"Nilidhani unakufa," akasema.

"Sikufa."

"Hukufa. Na dada alikuwa ameshaanza kucheka tena, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu aachwe. Nikaona aibu kumnyang'anya. Na wewe nikaona aibu kukwambia." Alikaa kwenye gogo la kuni. "Nikasema siku zitapita, litajipanga lenyewe."

Sikumpigia kelele. Nilikwenda kuwasha moto kwa sababu mtoto alikuwa anatetemeka. Lakini kwa muda mrefu baada ya hapo kila aliposema anakwenda mahali, niliuliza anakwenda na nani, na yeye alijibu bila kukasirika, kama mtu anayelipa faini.

Binti aliniita shangazi kwa majuma kadhaa. Sikumsahihisha, nilimsemesha Kishambaa kutwa nzima, shambani, kisimani, hadi siku moja akanijibu neno, kisha sentensi. Sasa anasoma darasa la pili. Alipoandikishwa shule, cheti kiliulizwa, nikakitoa, hakuna aliyesema lolote.

Wifi hatukumtupa. Kila likizo binti anashuka Muheza, na hilo nililisema mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele ya mume wangu. Hata hivyo sijawa mtu mwema kiasi hicho. Safari moja alirudi ametogwa masikio bila mimi kuulizwa, nikakaa na neno hilo rohoni hadi Krismasi. Likizo iliyopita wifi alipiga simu kuomba mtoto aongezewe siku, eti machungwa yameiva na anapenda kuyachuma. Nikamuuliza shule je. Akasema atamleta Jumamosi bila kukosa.

Jumamosi nilikuwa kituoni Soni tangu umande haujakauka, nimekaa juu ya kreti tupu la nyanya. Kila basi lililopanda nilisimama kulitazama. Muuza mahindi aliniuliza kama nina mgeni anakuja. Nikamwambia hapana, namsubiri mwanangu. Walishuka mchana, wameshikana mikono, wanacheka kitu nisichokisikia, na wifi aliponiona akauachia mkono wa mtoto mapema, hata kabla sijawafikia.