Kusalimu Bila Beseni

Harufu ya mkate uliookwa kwa kuni ina moshi kidogo ndani yake, na hadi leo nikiisikia miguu yangu huanza kuchoka kabla sijatembea. Msinicheke. Ninyi hamkubeba beseni la mama yangu.

Tulikuwa tumekimbia vita Nyunzu, Mama, mimi na mdogo wangu wa mgongoni. Hapa Kalemie, kando ya ziwa, Mama hakujua mtu, alijua kuoka tu. Alijenga tanuri la udongo nyuma ya chumba tulichopanga, na mikate hiyo ndiyo ilikuwa maisha yetu. Isipouzwa kabla ya jua kuwa kali, tuliila wenyewe, na unga wa kesho haukupatikana. Nilikuwa na miaka kumi. Kila asubuhi nilipita na beseni kichwani kwenye barabara itokayo kituo cha treni kwenda bandarini, kwa kuwa wafanyakazi walipenda mkate wa moto na chai.

Katikati ya barabara hiyo alikaa Mama Feza, mke wa mtu wa reli, mwenye sauti ya kufika ziwani. Siku moja aliniita, akafunua kitambaa, akavunja mkate, akaunusa.

"Hii mukate iko na moshi," alisema. "Apa hatuli moshi. Toka, rudisha kule mulitoka."

Wahenga wanasema akufukuzaye hakwambii toka. Mama Feza alikuwa hajaonana na wahenga. Majirani walicheka, na mimi nililia hadi bandarini.

Kuanzia kesho yake nilizunguka kwa njia ya ufukweni. Ilikuwa ndefu, mchanga ulikamata miguu, na nilipofika bandarini mikate ilikuwa baridi na watu wamekwisha kunywa chai. Nilirudi na nusu ya beseni kila siku, nikimwambia Mama kwamba watu hawataki. Unga ulipobaki chini kabisa ya mfuko, Mama alinifuata kimyakimya, akanikuta mchangani. Nilingoja kofi. Badala yake aliketi chini, akaniuliza barabara imeenda wapi, na nikamweleza yote.

"Kule tulikimbia bunduki," alisema. "Sasa apa tutakimbia maneno ya mukate?"

Siku iliyofuata hakuoka. Alinivalisha gauni la kanisani, tukaenda kwa Mama Feza mikono mitupu. Karibu na mlango wake alisimama, akafunga kitenge upya mara mbili ingawa hakikuwa kimelegea.

"Jambo Mama. Mulilala muzuri?"

Mama Feza aliangalia mikono yetu, akitafuta beseni. "Leo hamuuzishi?"

"Apana. Tumepita kusalimia tu."

Angefanya nini? Salamu ni salamu. Alijibu, akaendelea kufagia, na sisi tukarudi nyumbani. Nilikuwa nimetegemea jambo kubwa zaidi. Nilipomuuliza Mama kwa nini tumetembea bure, alisema amechoka, nimwache.

Ikawa desturi. Kila aliyetukataa kwa ukali, kesho yake nilikwenda kwanza kumsalimia, ndipo nirudi kubeba mikate na kupita barabara yetu. Safari mbili, miguu ileile. Mama naye alianza kungoja moshi uishe tanurini kabla ya kuingiza mikate, wala hakusema wazo hilo kalipata kwa nani. Wafanyakazi wakawa wetu tena. Mama Feza hakununua hata mkate mmoja, hadi tunahama mtaa.

Utotoni niliona Mama anajipendekeza, na nilimwonea haya. Leo nashona mapazia na kuyatembeza madukani, na kuna barabara mbili za mji huu nilizoacha kupita, kwa sababu katika kila moja yupo mwenye duka aliyenirudishia kazi yangu. Nikiulizwa, husingizia vumbi. Jumatatu nilijilazimisha kupita moja bila mzigo, nikasalimia, nikaitikiwa. Kumsalimu aliyekukataa kunachosha kuliko kubeba beseni, na ndipo nilipojua kwamba asubuhi ile Mama alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Alikuwa na mji mmoja tu uliobaki, na hakutaka mwanawe aupunguze barabara moja moja. Mama Feza alikataa mkate tu. Barabara niliiacha mimi mwenyewe.