Mnunuzi wa Saba

Gatitu nzima ilimwogopa Ngendo, na wengi walimwogopa kwa mambo ya uongo. Walisema aliwahi kuua mtu. Hakuua mtu. Walisema vidole vya mkono wake wa kulia vilipindwa na uchawi. Vilivunjwa kwa fimbo, mchana kweupe, sokoni Doldol, mbele ya watu wazima waliokuwa na midomo na wasiitumie.

Mumewe Hezekiah alikufa mwaka wa 1968, akamwachia watoto wanne na bucha hapo Gatitu, kando ya barabara ya kuingia Nyeri mjini. Hata matanga hayajaisha, shemeji yake Mutahi akaja kusimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Shemeji, bucha si jikoni," akasema. "Jumamosi moja tu nikute hapa hakuna nyama, nafunga hii mlango na kufuli yangu. Hii ni mali ya ndugu yangu."

"Na watoto ni wa nani?" Ngendo akamuuliza.

Mutahi akatazama barabarani. Wazee wa ukoo walikuwa upande wake, na wote wawili walijua. Basi maisha ya Ngendo yakawa na neno moja: Jumamosi nyama iwepo, la sivyo yeye na watoto wako nje. Mbuzi wa bei ya kuuzika walipatikana Doldol, Wamaasai wa Laikipia walikoleta mifugo yao, na huko ndiko alikokwenda.

Lakini soko la Doldol lilikuwa na wenyewe. Wafanyabiashara sita wa Nyeri na Nanyuki walikuwa wamelikalia, mkubwa wao akiwa Kingori, mtu wa shingo nene na kicheko cha haraka. Walikuwa na sheria yao: mnunuzi akishika sikio la mbuzi, hakuna mwingine wa kufungua mdomo mpaka aliachilie. Ukiisikia utadhani ni adabu. Ulikuwa wizi mtupu. Wa kwanza alishika sikio, akataja shilingi thelathini, akaachilia. Wa pili akaja akashika, akataja ishirini na nane. Wa tatu ishirini na sita. Mwenye mbuzi ametembea tangu alfajiri, mifugo ina kiu, jua linawaka, na kila ajaye anashuka chini ya aliyeondoka. Wa sita akimaliza, mzee wa watu alirudi mbio kwa wa kwanza kubembeleza, naye akapewa ishirini na tano na kicheko juu. Jioni mbuzi wote walipanda lori moja.

Ngendo alitazama mchezo huo siku mbili za soko. Siku ya tatu, Kingori akiwa ameshika sikio la beberu wa mzee mmoja aitwaye Matunge, Ngendo alipita katikati ya wanaume akashika sikio la pili.

"Thelathini na tano," akasema.

"Wewe mama, achilia hiyo sikio," Kingori akasema polepole. "Hii mbuzi iko na mtu."

"Iko na mwenyewe. Mzee, thelathini na tano, unasemaje?"

Matunge alimwangalia mwanamke yule, akamwangalia Kingori. "Chukua," akasema.

Fimbo ya Kingori ikashuka. Pigo la kwanza lilivunja kidole cha kati, na kila aliyekuwa karibu alisikia mfupa. La pili likavunja viwili vya pembeni. Ngendo alipiga yowe, beberu naye akapiga yowe, lakini mkono haukuachia. Kingori aliinua fimbo mara ya tatu ndipo Matunge akaingiza rungu lake katikati, na lile rungu halikuwa la kutembelea. Kingori akacheka, akaenda zake.

Mzee alimkalisha Ngendo kivulini, akamnyoosha vidole mwanamke akiuma kanga yake, akavifunga kwa ukanda wa ngozi. Havikunyooka vizuri, maana Matunge alikuwa mganga wa ng'ombe, si wa watu.

"Roho yako ni ngumu," akamwambia. "Mbuzi yangu yote itangoja wewe. Hao wengine wakae na fimbo yao."

Naye alitimiza. Mwaka mzima wazee wa kwake walileta mbuzi, wakakaa nao wakimngoja mama wa mkono mbovu, hata akichelewa. Lori la akina Kingori halikumbeba, kwa hiyo aliwaswaga mbuzi wake kwa miguu mpaka Nanyuki kutafuta gari la Nyeri, siku mbili, akilala kwenye maboma ya watu wa Matunge, na hakulipishwa hata chai.

Kingori alivumilia mwaka huo, kisha uvumilivu ukamwishia. Asubuhi moja, kwenye korongo kavu njiani, watu wanne walitoka vichakani na mapanga. Hawakuja kuiba. Walianza kukata mbuzi ovyo, migongoni, miguuni, yeyote aliyepita karibu, mpaka mchanga ukawa matope mekundu na wanyama wakawa wanaburuta matumbo wakilia kama watoto. Ngendo alichomoa kisu chake cha bucha kwa mkono wa kushoto. Hakusita. Alimrukia yule wa shingo nene, akamchana shavu kutoka sikioni hadi mdomoni, meno yakaonekana. Aliporudisha mkono amchane mara ya pili, ubapa wa panga ukampata kisogoni.

Alizinduka jua likiwa utosini, peke yake na nzi. Mbuzi kumi na saba walikuwa wamekufa. Wawili walikuwa bado wanapumua, naye akawachinja kwa huruma, analia, anatukana ukoo mzima wa Kingori mpaka sauti ikakauka.

Jumamosi ile hapakuwa na nyama. Mutahi akaja na kufuli yake kama alivyoahidi. Ngendo, kitambaa kikiwa kimeganda damu kichwani, alimpokea kwa mgongo wa shoka. Pigo la kwanza begani, la pili mbavuni. Mutahi akaona cha mtema kuni, akatoka akitambaa, na akiwa salama ng'ambo ya barabara akapata ulimi wake.

"Jumamosi ingine nakuja na wazee na polisi! Tuone utapiga nani!"

Jumatatu akaja Kingori. Shavu lilikuwa limeshonwa vibaya na nusu ya uso haikucheka tena. Ngendo alishika shoka. Kingori akakaa kwenye benchi la wateja, mikono mitupu magotini.

"Hakuna mwanaume amewahi kunikata," akasema. "Tumekuwa sita. Kuja tukuwe saba. Lori yetu itabeba mbuzi yako mpaka hapa mlangoni. Hakuna mtu atakugusa."

"Na mimi nifanye nini?"

"Ile tunafanya sisi wote. Wewe utakuwa wa mwisho. Wale wazee wanakuamini."

Ngendo alijua alichokuwa anaombwa, asidanganyike mtu kwamba hakujua. Kisha akasikia watoto wake nyuma ya bucha wakigombania kiazi. Akaweka shoka chini.

Siku ya soko, Matunge alikuja na mbuzi kumi na wawili, wanene, wa kuchagua. Habari za korongoni zilikuwa zimemfikia na alikuja kumwinua rafiki yake. Kingori akashika sikio, akataja thelathini. Mzee akatabasamu tu. Wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, ishirini. Mzee alizidi kutabasamu, anatafuta kwa macho juu ya vichwa vyao, mpaka alipomwona Ngendo.

Ngendo alikuja, akashika sikio la mbuzi wa mbele kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Kumi na nane," akasema.

Matunge alidhani ni mzaha wa kumcheka Kingori, naye akacheka kwa nguvu. "Sema sasa, mama."

"Kumi na nane, mzee."

Kicheko kikafa. Mzee alimtazama, akatazama na lori la akina Kingori lililokuwa limeegeshwa nyuma yake. Kisha akamshika kifundo cha mkono, akauondoa kwenye sikio la mbuzi bila kuuminya, akakusanya mbuzi wake wote na kuwapeleka moja kwa moja kwa Kingori.

"Wewe lipa ishirini na tano," akamwambia. "Wewe nilikuona ukipiga mtu. Fimbo yako najua inatoka upande gani."

Hakugeuka tena. Ngendo alisimama pale mkono ukiwa bado hewani, akatamani angepigwa.

Mbuzi waligawanywa jioni, wanne wakashushwa mlangoni kwake kama alivyoahidiwa. Jumamosi Mutahi alifika na wazee watatu na askari mmoja, wakakuta bucha imejaa nyama na wateja wamepanga foleni mpaka barabarani. Wazee wakaona haya, wakanunua nyama, wakaenda zao.

"Aki hii mbuzi ni tamu," mteja mmoja akasema, akiwa na kipande cha kuonja mdomoni. "Umetoa wapi, mama?"

Ngendo alipiga shoka, mfupa ukapasuka hata kigogo kikatikisika.

"Timau," akasema, mahali asipowahi kununua hata mbuzi mmoja, na akaita anayefuata.