Nyayo Nje ya Uzio wa Mama Neema

Tairi likikatwa kwa kisu kikali lina harufu yake. Si ile ya tairi linaloungua, inayokukwangua koo. Hii ni nzito na ya taratibu, na ukikaa nayo kidogo unaanza kuionja mdomoni. Juzi, siku ya mnada pale Ikungi, ilinikuta nimesimama mbele ya fundi makatambuga na mwanangu mkononi. Fundi alimkanyagisha mtoto juu ya kipande cha tairi, akachora kwa chaki, kisha akaniuliza aongeze kiasi gani ili akue nayo. Nikamwambia asiongeze kitu, akate mguu ulivyo. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni, maana ni mzazi gani wa kwetu anayemnunulia mtoto kiatu cha kumtosha?

Sababu ninayo, ila fundi alikuwa na foleni. Nitawaambia ninyi.

Nilikuwa darasa la tatu mwaka ambao mvua ilitugomea kabisa Issuna. Majani yalikwisha, na wazazi wangu wakaamua tuhamie Mitundu, kwa shangazi, ambako kulisemekana malisho bado yapo. Mama alitangulia kwa lori pamoja na vyombo na mdogo wangu wa mgongoni. Baba na baba mdogo wangepeleka ng'ombe kwa miguu. Mimi nilitakiwa nipande lori, nikalia mpaka nikapaliwa, kwa kuwa nilitaka kwenda na ng'ombe kama watu wazima. Baba akakubali. Baba yangu ni mtu wa maneno machache, mfupi, mwenye miguu midogo aliyotaniwa nayo maisha yake yote.

Alitukatishia makatambuga kutoka tairi moja, yake na yangu. Yangu akasema yaachwe makubwa, nikue nayo. Yakatoka karibu sawa na yake. Nilijiona nimekwisha kuwa mtu.

Siku ya kwanza nilitembea nyuma ya kundi nikiburuza raba na kuimba. Siku ya pili sikuimba. Kiatu kilikuwa kinateleza mbele na nyuma kila hatua, na mkanda wake ukanisugua kisigino mpaka lengelenge likatoka, likapasuka, vumbi likaingia. Baba mdogo alinibeba mgongoni kidogo, lakini ng'ombe wenye kiu wanahitaji watu wawili wenye mikono mitupu. Tulipofika kwenye mji mmoja uliozungushiwa uzio wa minyaa, peke yake katikati ya pori, kisigino kilikuwa kimevimba na kutunga usaha, na mwili wangu unachemka.

Mwenye mji alikuwa mwanamke aliyeitwa Mama Neema. Mumewe alifanya kazi Itigi, na Neema mwenyewe alikwisha kuolewa mbali. Baba alimwomba maji, kisha wakasogea pembeni wakaongea kwa sauti ya chini. Mtoto yeyote anajua maana ya watu wazima kusogea pembeni.

"Utabaki hapa mpaka mguu upone," baba aliniambia. "Nitakuja kukuchukua."

Hakuchuchumaa wala hakunishika kichwa. Aliokota fimbo yake akaondoka. Nilisikia kengele ya ng'ombe wetu wa mbele ikienda, ikififia, mpaka nikawa sijui kama naisikia au naikumbuka tu. Niliamini kabisa kwamba nimeachwa. Nilikuwa nimekataa lori, nikawa mzigo kwa ng'ombe, na sasa mzigo umetuliwa njiani.

Mama Neema hakuwa mbaya hata kidogo. Aliniosha kidonda kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akanipaka mafuta ya alizeti kuzunguka kisigino, akanipa ugali wa uwele kwa mlenda na kunisimamia mpaka nimalize. Lakini alizoea Kigogo, mimi nilizoea Kinyaturu, na Kiswahili chetu wote wawili kilikuwa cha kuombea chumvi. Asubuhi alitoka na mifugo yake, akaniacha kwenye ngozi kivulini pamoja na kuku. Mchana wa kule hauna sauti. Niliwapa kuku majina ya watoto wa darasani kwetu, nikawasimulia habari za nyumbani, nao wakaniacha wakaenda kuparua kwingine. Nimewahi kuwa mpweke baadaye, ukubwani, lakini sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa na wale kuku.

Usiku nililalia makatambuga yangu, nimeyaweka chini ya kichwa. Nilipanga kwamba baba akija alfajiri na haraka zake, asikute nayatafuta akaona afadhali aniache tena. Jambo hilo sikumwambia mtu. Wala Mama Neema hakuliona, maana kila alfajiri kabla hajaamka nilikuwa nimekwisha kuyarudisha ukutani.

Baadhi ya asubuhi, akinifungua kidonda, Mama Neema alisema, "Baba yako mzima. Ng'ombe wazima." Basi. Nami moyoni nilikasirika, kwa kuwa nilijua ananidanganya ili nisilie. Angejuaje, na hakuna mtu aliyepita?

Nilipoweza kukanyagia vidole nikaanza kujikongoja hadi kwenye mlango wa uzio. Asubuhi moja, mifugo ikiwa bado haijatoka, nikaona pale nje alama za makatambuga. Zilikuwa na kashata zile zile za tairi letu, mistari iliyopinda kama kiwiko. Nikajua ni zangu, za siku niliyofika. Nikafurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake. Nilikaa karibu nazo mpaka mifugo ilipotolewa, nikiwafukuza kuku wasizivuruge, kwa kuwa zilikuwa za siku ambayo bado nilikuwa na watu wangu.

Baba alikuja mchana kweupe, kidonda kikiwa kimefunga ngozi mpya. Nilimpa shikamoo nikiangalia chini. Alimshukuru sana Mama Neema, akanijazia makatambuga vitambaa, tukaondoka. Nilitembea nyuma yake hadi kwenye ng'ombe, waliokuwa wamesimamishwa penye maji mwendo wa saa chache, na kutoka pale hadi Mitundu, bila kumsemesha zaidi ya kumjibu. Nilifika kwa miguu yangu, nikashangiliwa na shangazi, lakini kinyongo nilifika nacho pia. Nilikaa nacho miaka mingi. Kilikuwa kinyongo kidogo, cha kunifanya nisimtegemee sana.

Sasa, juzi jioni, mwanangu alikuwa anayajaribu makatambuga yake mapya uani. Mbuzi walikuwa wamekwisha kuingia, na vumbi la mlangoni limejaa alama za kwato. Nikaona alama zake juu ya kwato zile, safi, na nikakaa chini pale pale.

Mifugo ya Mama Neema ilipita mlango ule kila jioni. Alama za siku niliyofika zisingeona hata kesho yake. Zile nilizozilinda zilikuwa juu ya kwato, za mtu aliyekuja mifugo ikiwa imekwisha kulala. Mimi, mtoto wa wafugaji, niliyejua kusoma nyayo kabla ya kusoma vitabu, nilikuwa nimejihurumia mno hata nisizisome.

Nilimpigia baba simu. Bado yuko Mitundu, na bado hapendi simu. Nikamuuliza moja kwa moja kama alikuwa anarudi kwa Mama Neema usiku, ng'ombe wamelala na baba mdogo akiwalinda. Nikamwona akilini akilikata lile pori peke yake, aje, asimame, ageuke arudi kabla hakujacha, na asubuhi aswage ng'ombe kama aliyelala. Upweke ule nilidhani ni wangu mwenyewe.

"Mama Neema alinikataza kukuamsha," alisema. "Alisema ukiniona utataka kunifuata, na mguu utachanika tena."

Kisha akaongeza, taratibu, "Na ulikuwa umeyalalia yale makatambuga."