Sufu ya Syombua

Kama Syombua angekuwa mkaza mwana mbaya, Ndila angejua la kufanya. Angenuna, angesusa chakula, angemngoja mwanawe Muthama arudi na lori kutoka Mombasa amshtakie. Lakini Syombua alikuwa mwema, na wema huo ndio uliomfunga Ndila kitini. Alimwogesha, akamvisha, akamwinulia miguu juu ya kigoda, kisha akamwambia, "Kaa hapo, mwaitu, usije ukaanguka." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na mama akakaa. Alikaa asubuhi, alikaa jioni. Nje mbuzi wake mwenyewe walilia, naye hakuruhusiwa hata kwenda kuwashika masikio.

Kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa la gumbaru kwenye kanisa moja nje kidogo ya Mtito Andei, meno mawili ya mbele yakiwa yameshang'oka. Baada ya hapo alisoma kila kilichoandikwa: mifuko ya sukari, ubao wa kliniki, vipande vya gazeti vilivyofungia nyama. Kisha presha ya macho ikaja ikazifuta herufi, ndogo kwanza, kubwa baadaye. Ndila alizililia herufi kuliko alivyomlilia marehemu mumewe, na sioni haya kulisema, maana mume alikuwa mkali na herufi hazikumpiga hata siku moja.

Mwalimu wake wa gumbaru, Kiilu, ndiye aliyemwonea huruma. Alijifungia chumbani akasoma hadithi ndefu kwa sauti, kwa Kikamba, akairekodi kwenye kaseti. Muthama naye akanunua redio ya kaseti. Ilikuwa hadithi ya Mbula, msichana aliyetoka Tseikuru wakati wa ukame akiswaga ng'ombe wa babake kuelekea Mto Tana, wanaume wa nyumbani wakiwa wameshakata tamaa. Ndila akiisikiliza, alitoka kitini. Alilinusa vumbi la ng'ombe, alichomwa na miiba, koo lilimkauka pamoja na la Mbula.

Ila Mbula hakuvuka mto. Kila mara ng'ombe wa kwanza alipotia kwato majini, sauti ya Mwalimu Kiilu ilianza kuwa nzito, ikavutika kama ya mlevi, ikakwama. Syombua alikuja mbio akaitoa kaseti, akairudisha nyuma hadi mwanzo, kwa kuwa aliwahi kuambiwa kaseti ikiachwa katikati hulegea. Basi Mbula alirudishwa Tseikuru na ng'ombe wake wote, aanze upya.

Dawa zilijaribiwa. Betri zilianikwa juu ya bati pamoja na mbaazi, zikang'atwa na meno ya watu wazima. Kaseti ikazungushwa kwa kalamu ya biki. Mwishowe Muthama aliipeleka mashine kwa Abdulkadir, fundi wa redio pale Mtito Andei, akarudi nayo akiwa na tabasamu.

"Fundi ameifungua, akaisafisha na spiriti," alisema. "Imecheza hapo kwake upande mzima, mimi nikikunywa chai."

"Mbula alivuka?" Ndila aliuliza.

"Mbula gani, mwaitu?"

Mwanawe hakuwa amesikiliza hata neno. Nyumbani mashine ilicheza vizuri kwa muda, kisha ng'ombe wakafika majini, ikakwama. Ikapelekwa tena kwa fundi ikapona, ikarudi ikaugua. Muthama akachoka.

"Huko Kiboko kuna wazee wengi hawaoni," alisema. "Jumamosi nikipita nitaiachia kanisa yao. Labda huko itakubali. Hapa inakutesa bure."

Ndila aliogopa. Alijua kwamba ikishapanda lile lori, atabaki yeye, kiti na kigoda, mpaka wamchimbie kaburi.

Siku moja kabla ya hiyo Jumamosi, Syombua alienda kuteka maji. Aliacha neno lake la kila siku, "Hiyo mashine usiiguse, mwaitu, utaivunja." Ndila alingoja mpaka mlio wa madebe ukapotelea mbali, kisha akanyoosha mkono mezani akaigusa.

Alichokishika kwanza kilikuwa nguo. Mnajua nyumba za heshima: kiti kina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, na redio haiwezi kukaa uchi mbele ya wageni. Syombua alikuwa ameisukia mashine sweta nene ya sufu tangu wiki ile ilipoletwa, yenye vishada pembeni, ikaikaba pande zote na kuacha vitufe na mlango wa kaseti tu. Vumbi lisiingie. Humo ndimo mashine ilimosomea.

Ndila aliivua. Sufu ikamwachia manyoya vidoleni. Akabonyeza mlango wa kaseti ukafunguka, akapitisha kidole ndani taratibu hadi kwenye kigurudumu cha mpira kinachoivuta kaseti. Mpira haukuwepo. Palikuwa na uzi, umejiviringisha tabaka juu ya tabaka. Mwanamke aliyesokota katani za viondo pajani tangu utoto hahitaji macho kuujua uzi. Kwa fundi mashine ilikuwa uchi ikacheza. Nyumbani ilivikwa ikasongwa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na safari hii hawakuwa wanazunguka mbuyu.

Aliuchomoa kwa ukucha, unyoya kwa unyoya, mpaka mpira ukateleza chini ya kidole. Hapo ndipo furaha ilipomwisha. Atamwambia nini Syombua? Mtu anayekuosha mgongo, ukimwambia sweta aliyoisuka usiku akiwa amechoka ndiyo iliyoua mashine, atalia jikoni kimyakimya, na kesho atakuosha vilevile, na wewe utakaa ndani ya maji hayo. Akiificha, itasukwa nyingine. Akinyamaza, mashine itaenda Kiboko. Ndila aliitandaza ile sufu magotini ili aweze kufikiri, na ikabaki hapo.

"Mwaitu!" Syombua alisema mlangoni, debe lingali kichwani. "Umeivua redio nguo?"

"Nimesikia baridi magotini," Ndila alijibu. "Hii sweta yako ina joto sana. Usiirudishie redio. Nipe mimi."

Ilikuwa Oktoba, mvua bado, jua likipasua mawe. Sauti ya Syombua ikalainika kwa furaha. "Kumbe umekuwa ukisikia baridi na hausemi?"

"Mimi ni mzee. Nitasemaje?"

Jumamosi lori lilipiga honi barabarani, Muthama akaingia kuchukua mashine. Aliikuta inasoma. Alisimama akingoja ikwame, kofia mkononi. Mbula alifika ukingoni. Ng'ombe wa kwanza akatia kwato majini, wa pili akafuata, na sauti ya Mwalimu Kiilu ikaendelea, nyepesi, mpaka kundi zima likapanda ng'ambo likijikung'uta maji. Mbula akageuka akaitazama nchi aliyotoka, kisha akaenda zake.

"Basi Kiboko wangoje," Muthama alisema, akatoka.

Jasho lilimtiririka Ndila kutoka magotini hadi kwenye vifundo vya miguu. Karibu naye Syombua aliimba wimbo wa kanisani polepole, sindano ikienda na kurudi. Alikuwa ameshaanza kumsukia sweta ya mabega.