Kofia Ngumu, Jino Bovu: Daktari Yasinta Anafukua Alichofunika Mwenyewe

Saa tatu asubuhi, mjini Kongwa, Daktari Yasinta anapitisha sindano ya kupapasia kwenye ukingo wa kofia ya chuma iliyovikwa gego la Mzee Sila. Hapo sindano ilitakiwa igote. Inazama.

"Mzee, hii inatoka."

"Itoke iende wapi?" anafoka mfugaji huyo wa miaka sitini na minne. "Nilitoa mbuzi watatu hapo! Na haliniumi hata chembe. Nimekuja kwa kuwa mke wangu anasema nanuka mdomo."

Haliumi kwa sababu mshipa wake wa fahamu uliondolewa kabla ya kofia, miaka sita iliyopita. Jino la namna hiyo huoza bila kupiga kelele. Na aliyelivika kofia ni Yasinta mwenyewe, mwaka wake wa kwanza katika kliniki hii ya kiti kimoja.

Anamuuliza anavyopiga mswaki.

"Nasugua yote. Hilo la chuma naliruka. Wewe, binti yangu, bati la nyumba yako unalisugua?"

Muuguzi Loisi anageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Yasinta hacheki.

"Silisugui, Mzee. Lakini mchwa naye hali bati. Anakula nguzo."

Mzee anaachama.

Kofia inang'oka na harufu yake. Ndani ni kweusi, laini kama udongo uliolowa. Kama uozo umepita chini ya ufizi, jino litang'olewa, nalo ndilo gego pekee lililobaki upande wa kulia. Ya kushoto alishayaaga zamani. Likienda na hili, nyama atabaki kuinusa.

Yasinta anachimba taratibu, dakika arobaini. Uozo unatoka vipande vipande. Mwishowe chombo kinakwaruza kitu kigumu, na anashusha pumzi.

"Ukuta mzima wa jino umebaki juu ya ufizi. Halitoki."

Anavua barakoa. "Kosa ni langu, Mzee. Siku ile nilikuambia usitafune mifupa. Sikukuambia usugue pale kofia inapokutana na ufizi. Kofia mpya hulipi."

"Mbuzi hatoki?"

"Hatoki hata mkia."

Amevisha kofia watu themanini na saba. Mwezi uliopita watano walirudi na uozo kama huu. Wawili aliwang'oa meno. Kwa hiyo anamwambia Mzee kwamba kuanzia mnada ujao wa ng'ombe ataweka benchi jirani na wachoma nyama, na kioo chake na tochi, awakague bure.

"Siwezi kukaa hapa nikingoja wanuke," anasema.

"Na umati ule, utawajuaje?" Mzee anauliza, shavu likiwa bado na ganzi.

"Mdomo niliowahi kuushika siusahau."

"Wakikukimbia?"

"Nitawafuata hadi zizini. Na wewe Mzee utakuwa wa kwanza kwenye benchi, uachame wakuone."