Kipochi Kisichojua Mzigo

Kuna watu wa usafi na kuna watu wa vifaa vya usafi. Fundi Mikoba alikuwa wa kundi la pili, ambalo kwa bahati mbaya ndilo lenye wanachama wengi.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kati ya duka la rangi na saluni, na ndani mlinuka ngozi, gundi na nta. Alishona mikoba ya akina mama, mikanda na mabegi ya kubebea hati. Mkono wake ulikuwa mzuri, hilo hata wasiompenda walikiri. Ulimi wake ulikuwa mzuri zaidi. Mteja aliyekuja kutiliwa bizimu kwenye mkanda wake aliondoka na hotuba juu ya uchafu wa mtaa, vijana wasiofunzwa na wazazi wasiojali, na mara nyingine aliondoka bila bizimu.

Daktari alipomwambia ana sukari, akamwamuru atembee kila asubuhi mwendo mrefu, Fundi alijaribu kwa dhati. Kila alipofika kona alikuta mtu wa kuzungumza naye, akarudi nyumbani amechoka mdomo tu. Mkewe akaona hapo hapana dawa, akaenda kwa familia moja iliyokuwa inahama, akarudi na jibwa la rangi ya majivu lenye shingo nene. Jina lake Tajiri. Tajiri hakuwa na mazungumzo na watu wa kona. Alivuta kamba, Fundi akafuata. Baada ya muda sukari ikashuka, na mama wa nyumba akaanza kulala usingizi mzima.

Walitembea kwenye njia ya bwawa. Ilikuwa njia ya kokoto inayozunguka maji, haina gari wala pikipiki, na kwa mtu asiye na haraka huchukua saa nzima. Kulikuwa na pipa moja tu la taka, nalo liko getini. Katikati ya safari, mahali penye benchi, palikuwa na nyasi laini, na Tajiri alipapenda. Kila alipochuchumaa hapo, bwana wake aligeuka akayatazama maji. Ndege wa bwawani hawajawahi kutazamwa kwa upendo kama ule. Mbwa akimaliza, Fundi alishusha pumzi kama mtu aliyetoka kuona uzuri wa maumbile, akaendelea na safari.

Hakuwa peke yake. Wenye mbwa wote wa mtaa ule walikuwa wapenzi wa ndege. Watoto wakawa wanarudi nyumbani na viatu visivyoingizika ndani, mpaka jambo likafika kwenye kamati ya wakazi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke aliyekwisha kuona kila kitu kinachotoka katika mwili wa binadamu na asikionee haya hata kimoja. Alisimama kwenye mkutano akasema bila utangulizi, "Kuanzia mwezi ujao, mbwa marufuku njia ya bwawa. Wenye mbwa watembee barabara kuu."

Barabara kuu ilikuwa ya malori. Jioni ile mke wa Fundi aliweka bakuli la mboga mezani kwa kishindo.

"Baba watoto, malori yale hayajui kumkwepa mtu, na wewe hujui kulikwepa hata baiskeli. Usipotembea, sukari inakungoja. Haya, nichagulie mwenyewe utakavyoniacha mjane."

Fundi hakulala vizuri, lakini kesho yake, mkutano ulipoendelea, alisimama na hoja.

"Mama Mwenyekiti," alisema, "tatizo si mbwa, wala si sisi. Tatizo ni namna ya kubeba. Mwendo wenyewe mrefu. Ukitia vifuko vya kuokotea kinyesi mfukoni vinajisokota na funguo. Ukivishika mkononi upepo unavichukua. Mtu anataka kuokota, lakini kifuko hakipo! Nipeni muda kidogo, nitawashonea kitu."

Watu wakapiga makofi. Hakuna linalopendwa na watu wazembe kama kuambiwa kuwa uzembe wao ni upungufu wa vifaa.

Mama Mwenyekiti hakupiga makofi. "Shona. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kamati itatembea na nyinyi na mbwa wenu, njia nzima. Nikiona kinyesi kimoja kimeachwa nyuma yetu, geti linafungwa."

Basi Fundi akashona kipochi, na haki ya mtu apewe, kilikuwa kizuri. Kilikuwa cha ngozi ya kahawia, cha ukubwa wa ngumi, chenye ndoano ya kukitundika kwenye mkanda wa suruali au kwenye kamba ya mbwa. Ndani alitia vifuko vilivyoviringishwa, na ubavuni akatoboa tundu lenye pete ya shaba, hivi kwamba ukivuta ncha, kifuko kimoja hutoka na cha pili huchungulia kikisubiri zamu yake. Alimwonyesha mkewe, alimwonyesha mwenye duka la rangi, aliwaonyesha watu ambao hawakuuliza.

Mtaa ukaingia wazimu wa vipochi. Wenye mbwa waliagiza, kisha wakaagiza wasio na mbwa. Mwalimu wa udereva, jirani mwenye mbwa mkubwa na maneno makubwa zaidi, alichukua viwili, kimoja cha kazini na kimoja cha sherehe. Kipochi kiunoni kikawa alama ya ustaarabu, aliyenacho anamtazama asiyenacho kama mtu aliyetoka bila kunawa uso. Ndani yake watu walitia peremende, miwani, simu, rangi ya midomo. Na asubuhi, kwenye njia ya bwawa, ndege waliendelea kupendwa kama kawaida.

Ijumaa, siku moja kabla ya matembezi ya kamati, shemeji yake Fundi alikuwa nyumbani kwao. Huyu alikuwa mdogo wa mke, muuza mayai, aliyehamia kwao kwa muda wakati paa la nyumba yake linatengenezwa. Alikiona kipochi juu ya meza akakinyanyua.

"Shem, hiki ndicho kinachozungumzwa mtaa mzima?"

"Ndicho. Vuta hapo kwenye tundu."

Akavuta. "Lo! Kinatoka kama ulimi wa kinyonga!"

"Sasa umeona. Vinatosha mzunguko mzima."

Shemeji akakigeuza, akakifungua, akachungulia ndani, akapapasa chini. "Na kilichojaa unakiweka wapi?"

"Kilichojaa nini?"

"Shem, usinifanye mtoto. Pipa liko getini, benchi liko huko mbali. Tajiri akishamaliza haja zake, ule mzigo unakaa wapi mpaka ufike pipani? Humu pamoja na vifuko visafi? Kwenye shati lako?"

Fundi alikohoa. "Hilo… nilikuwa nimeliacha kwa ajili ya toleo la pili."

"Toleo la pili!" Shemeji akajipiga paja. "Dada, njoo umwone mumeo. Kajenga choo cha marumaru, kasahau shimo!"

Mke wa Fundi alikuwa anakunja nguo. Mikono yake ikasimama. Alikitazama kipochi, kisha akamtazama mumewe, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Hujawahi kuokota," alisema. "Hata mara moja."

Halikuwa swali.

"Na mimi nakusifu kwa majirani."

Shemeji naye akaacha kucheka, maana sauti ya dada yake haikuwa ya mzaha. Mtu anaweza kusema uongo kwa mdomo akauchunga usimponyoke, lakini kazi ya mikono yake itamtaja. Fundi yeyote aliyewahi kuubeba mzigo ule hata siku moja, jambo la kwanza angeshona ni mahali pa kuutia.

Mngetegemea kwamba Fundi alichukua sindano akashona mfuko wa pili. Ngozi ilikuwepo na jua lilikuwa bado juu. Lakini mtu aliyezoea njia ya mkato huiona hata palipo na njia iliyonyooka. Aliamua kutompa Tajiri chakula jioni ile. Mbwa asiyekula, aliwaza, hana cha kutoa. Kesho kamati itatembea, itaona njia safi, na geti litabaki wazi.

Hakumwambia mtu. Ndiyo maana shemeji, alipomkuta mbwa analamba sahani tupu uani, alimwonea huruma, akampa mayai yote yaliyopasuka siku ile. Tajiri alikula mpaka akalala chali.

Asubuhi kamati ilikusanyika getini. Mama Mwenyekiti alitangulia na mwavuli wake, nyuma yake wenye mbwa, kila kiuno na kipochi chake, na mwisho kabisa mke wa Fundi na shemeji. Mwalimu wa udereva na wenzake walikuwa wamewatoa mbwa wao alfajiri nyuma ya maduka, kwa hiyo walitembea kwa raha. Fundi alitembea akimtazama Tajiri kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa jikoni.

Penye benchi Tajiri akasimama. Akanusa. Akazunguka. Akachuchumaa, na mayai ya shemeji yakajibu.

Kwa mazoea, wenye mbwa wote waligeuka wakatazama ndege. Mama Mwenyekiti hakugeuka.

"Fundi," alisema, "ndiyo zamu yako."

Fundi akavuta. Kifuko kikatoka vizuri, kama ulimi wa kinyonga. Hapo ndipo ustadi wake ulipoishia. Alikishika kwa ncha za vidole, akakipuliza, akakigeuza juu chini, akainama, akanyanyuka, akainama tena.

"Kivae kama glavu, shem!" shemeji akaita kutoka nyuma. "Tia mkono ndani, kamata, kisha ukigeuze!"

Akatia mkono, akakamata, akageuza, akafunga fundo. Akasimama nacho mkononi, kizito na bado cha moto.

"Vizuri," alisema Mama Mwenyekiti. "Kitie kwenye kipochi, twende."

"Hakina mahali, mama."

"Hakina mahali?"

"Hakina."

Mama Mwenyekiti alikisogelea kile kipochi kiunoni, akakigusa kwa ncha ya mwavuli. "Aliyekitengeneza hiki hajawahi kukitumia."

Fundi alitazama maji. Ndege wote walikuwa wameruka. Angeweza kusema ngozi ilipungua, angeweza hata kutaja toleo la pili. Lakini mkewe alikuwa palepale, na kifuko kilikuwa kinapoa mkononi mwake.

"Ndiyo, mama. Sijawahi."

"Basi beba kwa mkono."

Akabeba. Mwanzoni alikinyoosha mbali kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia. Baadaye mkono ukachoka, kikashuka, na walipokaribia geti kilikuwa kinaning'inia kando yake kama mkate anaoupeleka nyumbani. Alikitia pipani mbele ya watu wote.

Mama Mwenyekiti hakuwa amemaliza. "Fungueni vipochi."

Zikatoka peremende, zikatoka miwani. Mwalimu wa udereva alitoa simu mbili na chanuo. Vifuko vilikuwa kwa Fundi tu, na hata hivyo vilikuwa vipya kama siku vilipotoka dukani.

"Njia haitafungwa leo," alisema yule mkunga, "kwa sababu mmoja wenu kaokota na kasema kweli, ingawa vyote viwili kwa kuchelewa. Lakini kuanzia kesho nitakaa hapa getini kila asubuhi. Mwenye mbwa atoke na kifuko kilichojaa mkononi, nikione. Mkono mtupu, kesho yake asije."

Njia ikawa safi, na kwa siku chache ungedhani mtaa umeokoka. Kila asubuhi watu walipita getini wameinua vifuko kama vikombe vya ushindi. Cha mwalimu wa udereva kilikuwa cha kupendeza kuliko vyote, cha mviringo, kikavu, kisicho na harufu. Bustani ya maua karibu na benchi ikaanza kupungua udongo. Kamati ikadhani ni mnyama fuko anachimba.

Ndipo ikaja asubuhi ambayo Tajiri hakujaliwa. Alinusa kila jani penye benchi, akafikiri, akaahirisha. Fundi, safari hii na shemeji kando yake na kapu lake la mayai, akajikuta geti linaonekana na mkono wake mtupu. Mwalimu wa udereva akamsogelea kwa sauti ya chini.

"Fundi, usijitese. Mama Mwenyekiti haonji." Akapenyeza kifuko cha pili, kimefungwa fundo zuri. "Nina akiba. Udongo tu. Nani atajua?"

Fundi alikitazama. Nje ya geti lile kulikuwa na malori, na daktari, na mke ambaye ndiyo kwanza ameanza kumsemesha kwa sauti ya kawaida. Kilikuwa chepesi kuchukua, na kingeingia vizuri kabisa kwenye kipochi.

"Ahsante, mwalimu," alisema. "Kabebe mwenyewe vyote viwili."

Akageuza kamba, akarudi alikotoka.

"Shem, unakwenda wapi?"

"Kuzunguka tena."

"Njia nzima? Mayai yangu yataanguliwa huko ndani ya kapu!" Lakini alimfuata. Walipokwenda kidogo akainama sikioni mwa mbwa. "Tajiri, baba, nakuomba. Fanya hima. Heshima ya ukoo mzima imo tumboni mwako."

Jua lilikwisha kuwa kali walipofika penye benchi mara ya pili. Ndege walikuwa wamerudi, wengi kuliko siku zote, na Fundi hakuwatazama. Tajiri akasimama. Akanusa. Akaanza kuzunguka, na kabla hajachuchumaa, Fundi Mikoba alikuwa amekwisha kukivaa kifuko mkononi.