Daraja Lililokamilika Bungeni

Saa nne kasoro dakika sita asubuhi, mlango mdogo wa pembeni unafunguka bila kelele, na mwanamke mwenye viatu vya soli ya mpira anaingia ukumbini. Anainamisha kichwa mara moja tu, kwa kiti cha Spika, kisha anakwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ndogo iliyo katikati ya pande mbili za Bunge. Mwenzake anayemaliza zamu anamsukumia daftari, anamwonyesha kwa ncha ya kalamu walipofikia, na kuondoka.

Swali namba thelathini na saba, Wizara ya Mazingira. Mbunge anataka kujua jalala lililo kando ya ukuta wa shule litahamishwa lini. Waziri anajibu kwamba upembuzi yakinifu unaendelea. Mwanamke anaandika jina la anayesema, maneno yake mawili ya mwanzo na mawili ya mwisho, halafu kwenye mabano: makofi. Upande mmoja umepiga meza. Upande wa pili umeguna, na miguno haiandikwi mpaka iwe na maneno ndani yake.

Huyu ndiye Masikio. Wenzake walimbatiza hivyo kwa sababu anaweza kuwatambua wabunge kwa kikohozi tu, hata akiwa amewapa mgongo. Ana miaka arobaini na minne, watoto wawili, na miaka kumi na tisa ya kuandika maneno ya watu wengine katika kumbukumbu rasmi za Bunge, zile ambazo wenyewe huziita Hansadi.

Zamu yake ukumbini ni dakika tano, haizidi. Zikiisha, anashuka ngazi hadi chumba cha chini, anavaa visikilizio, anaweka mguu kwenye kikanyagio cha kurudisha sauti, na kuanza kupiga chapa. Dakika tano za maneno humlia dakika arobaini, akibahatika. Waziri wa Uchukuzi, ambaye husema kama mtu anayefukuzwa na mbwa, humlia saa nzima.

"Watu hudhani tunaandika ukweli," anasema, akipangusa miwani. "Hapana. Tunaandika kilichosemwa. Ukweli una ofisi yake, mimi sijui iko ghorofa ya ngapi."

Amezoea kuusema utani huo kwa wageni. Miezi mitatu iliyopita, siku ya Alhamisi, ulimgeukia.

Siku hiyo zamu yake iliangukia maswali ya Serikali za Mitaa. Mbunge mmoja aliuliza kuhusu daraja la waenda kwa miguu katika kata iliyo pembezoni mwa mji. Waziri alisimama, akafungua jalada lake, akasoma: "Mheshimiwa Spika, daraja hilo limekamilika, na wananchi wanalitumia." Makofi yakapigwa.

Masikio amezaliwa katika kata hiyo. Baba yake angali anaishi huko, mzee wa miaka sabini na sita ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Posta, kwa kuwa alisambaza barua kwa baiskeli kwa miaka thelathini na mmoja. Ana kidonda mguuni kisichotaka kupona. Kila Jumanne na Ijumaa sharti kisafishwe na kufungwa upya, na zahanati iko ng'ambo ya mto.

Kwa daraja, ingekuwa hatua mia mbili. Kwa barabara ni kilomita kumi na moja na mabasi mawili, na pensheni ya mzee haiwezi kubeba nauli hiyo mara nane kwa mwezi. Kwa hiyo alikuwa akivuka juu ya mawe, fimbo mkono mmoja, viatu mkono wa pili. Daraja lenyewe ni nguzo mbili za zege zenye vyuma vilivyochomoza juu. Majirani hufunga kamba kati yake na kuanika nguo. Masikio alikuwa ameziona nguzo hizo Jumapili iliyotangulia, zikiwa na mashuka.

Ipo kamati ya Bunge inayofuatilia ahadi za serikali, na ahadi iliyotangazwa kutimizwa hutolewa kwenye orodha yake. Ikishatoka, hakuna anayeiulizia, wala bajeti ya mwaka unaofuata haiitambui. "Niliposikia limekamilika, nikajua limefutwa," anasema. "Na aliyepewa kazi ya kulifuta ni mimi. Ahadi yenyewe nilishaiandika mara mbili huko nyuma, mwaka hadi mwaka. Roho iliniuma, sitadanganya."

Alishuka ngazi, akakaa, akafanya jambo ambalo anasema hakuwahi kulifanya katika miaka yote kumi na tisa.

Waandishi wa Hansadi wana desturi moja ya zamani. Mwandishi asiposikia vizuri jina au tarakimu, huandika kikaratasi, na tarishi wa Bunge hukipeleka kwa msemaji hapo hapo alipokaa. Kikaratasi kinaheshimika. Waziri aliyegoma kujibu wanahabari mwaka mzima atakijibu kikaratasi kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu hakuna anayependa kukosewa kwenye kitabu cha Hansadi. Masikio alichukua kimoja akaandika: Mheshimiwa Waziri, tafadhali thibitisha kama daraja limekamilika. Akakiweka kwenye trei na kumsubiri tarishi.

Aliyetangulia kufika alikuwa mhariri mkuu, mwanamke aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, ambaye chumba kizima humwita Shangazi. Alikisoma kikaratasi akiwa amesimama, akamuuliza Masikio kama hakusikia.

"Nilisikia," Masikio akajibu.

"Kikaratasi ni cha masikio, mwanangu. Si cha macho."

Hakumgombeza wala hakumtisha na barua ya onyo. Alivuta kiti akamweleza kwa sauti ya chini kwamba siku watakapoanza kuwauliza mawaziri kama wana hakika, ndiyo siku mawaziri nao wataanza kuwaagiza cha kuandika. Kisha akakikunja kikaratasi mara mbili na kumrudishia.

"Nilimchukia siku mbili," Masikio anasema. "Siku ya tatu nikaona alikuwa sahihi, nikamchukia zaidi."

Shangazi mwenyewe, alipoombwa ruhusa ya mahojiano haya, aliitoa kwa sharti moja: yaandikwe yaliyosemwa.

Ukurasa ukapigwa chapa neno kwa neno, pamoja na makofi yake.

Hansadi ni mali ya umma. Ilipochapishwa, Masikio alijaza fomu dirishani kama mwananchi mwingine yeyote, akangoja siku nne, akapewa nakala, akampelekea baba yake. Mzee aliusoma ukurasa mara mbili. Mara ya kwanza alicheka mpaka akaushika mguu. Mara ya pili hakucheka, na akauliza kama hayo ndiyo maneno ya waziri yenyewe, hayakupunguzwa wala kuongezwa. Binti akamwambia ndiyo yenyewe.

"Basi vizuri," mzee akasema. "Angesema inshallah, au mwakani, ungemshika wapi? Huyu ametuachia mpini."

Akaomba kalamu. Barua aliyomwandikia mbunge wao ilijaza kurasa mbili, ikataja tarehe na namba ya ukurasa wa Hansadi, ikanakili jibu la waziri bila kuligusa. Haikuwa na tusi. Mwisho wake ilimkaribisha Mheshimiwa Waziri kuja Jumanne yoyote walitumie daraja pamoja. Yeye angekuwa akimngoja kwenye nguzo ya kwanza na fimbo yake. Majirani mia mbili na kumi na wanne wakatia sahihi. Watu walijitolea kuipeleka kwa mkono, mzee akakataa katakata. Akasema posta ipo, akailipia iende kwa rejesta.

Masikio hakugusa hata nukta, maana kanuni zinamkataza mtumishi wa Bunge kujiingiza kwenye hoja za wabunge. "Aliandika Mheshimiwa mara tisa," anasema. "Nilitamani kumpunguzia. Nikaumeza ulimi."

Ofisa mmoja wa wizara anayeshughulikia majibu ya bungeni anasema hakukuwa na nia mbaya. Halmashauri iliandika kwamba ujenzi wa nguzo umekamilika. Taarifa hiyo ikapita meza nne, kila meza ikifupisha kidogo. Ilipofika ya nne, nguzo zilikuwa zimeshadondoka njiani, limebaki daraja.

Mvua mwaka huu ziliwahi. Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, Bwana Posta aliteleza kwenye jiwe la tatu. Waliokuwa wakifua walimtoa, lakini kidonda kilifumuka na mto ukaondoka na viatu vyake. Alilala kitandani siku tisa. Masikio alikuwa kazini kesho yake, na zamu yake ilimkuta Waziri wa Uchukuzi akifanya mzaha kuhusu foleni za magari. Wabunge wakaangua kicheko. Akaandika kwenye mabano: kicheko.

"Siku hiyo nilitaka kuacha kazi," anasema, na kwa mara ya kwanza anavua miwani bila kuipangusa.

Hakuacha. Wiki iliyopita orodha ya maswali ilitoka, na swali namba hamsini na mbili ni la daraja. Mbunge ameambatisha barua ya mzee. Kwa hesabu za kawaida za ukumbini, swali hilo litaangukia dakika tano za Masikio, Alhamisi hii. Shangazi alimwita akamwambia anaweza kubadilishana zamu, hakuna atakayemlaumu. Akakataa.

Hatarajii ukurasa wa zamani usahihishwe. Kitabu hakifutwi; mjukuu wa mtu akikifungua miaka hamsini ijayo atakuta daraja limekamilika na wananchi wanalitumia. Anachotaka ni ukurasa mwingine.

"Asimame tu aseme halijakamilika," anasema. "Nitaandika hivyo hivyo. Halafu litarudi kwenye orodha, na mimi nitakwenda nyumbani nikalale."

Baba yake alipiga simu juzi, akauliza kama waziri akisema hivyo na makofi yasipigwe, kitabu kitaonyesha. Binti akamweleza kwamba kimya hakiandikwi. Mzee akasema basi atakuja mwenyewe, apande mabasi mawili, akae juu kwa wageni, akione.

Roshani ya wageni hairuhusu kandambili, na tangu viatu vichukuliwe na mto hana vingine. Masikio amemnunulia jozi mpya, nyeusi, namba arobaini na mbili. Iko kwenye boksi chini ya meza yake, karibu na kikanyagio. Ya kwanza aliirudisha dukani akabadilishiwa, kwa sababu mzee aliomba viatu visivyo na kamba, vinavyovuliwa upesi. Ijumaa, maji yakiwa yameshuka, mzee anarudi kwenye mawe, kuvuka kwenda zahanati.